Bumbuwazi, butwaa, kuduwaa au kuzubaa: uchague lipi?

Niliwahi kuletewa taarifa ya ajali ya kazini niipitie lugha yake kabla haijapelekwa kwa wakubwa. Mashine ilikuwa imewaka moto, na kijana aliyekuwa karibu nayo alisimama pale pale kwa muda bila kubonyeza swichi ya kuizima. Mwandishi wa taarifa alikuwa ameandika: "Fundi alizubaa." Maneno mawili tu, lakini yalitosha kumhukumu yule kijana. Mtu aliyezubaa ni mtu aliyepaswa kuwa macho akawa hayupo, kwa hiyo kosa ni lake. Nikamuuliza mwandishi kama ndivyo alivyokusudia. Akasema hapana, alitaka kueleza kwamba kijana alishtuka mno hata akili ikasimama. Basi neno alilolitafuta lilikuwa jingine: "alipigwa na bumbuwazi." Tukalibadilisha, na taarifa nzima ikasomeka kivingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkali juu ya maneno haya. Ukifungua kamusi utakuta mara nyingi yanaelezwa kwa kuzungushana: kuduwaa ni kuzubaa, kuzubaa ni kuduwaa, bumbuwazi ni hali ya kuduwaa. Msomaji anatokea mlango ule ule alioingilia. Ni kweli maneno haya ni ya ukoo mmoja, lakini hayabadilishani viti ovyo. Na kinachoyatenganisha zaidi si ukubwa wa mshangao, kama wengi wanavyodhani. Ni lawama. Kabla ya kuchagua neno, jiulize: huyu ninayemweleza, ninamwona ana kosa kwa kuwa katika hali hiyo, au jambo limemkuta tu?

Bumbuwazi na kuzubaa

Haya ndiyo yaliyo mbali zaidi, kwa hiyo tuanze nayo.

Bumbuwazi ni nomino, na katika matumizi ya kawaida huegemea kitenzi cha kutendwa: kupigwa na bumbuwazi, kushikwa na bumbuwazi. Sarufi yenyewe imeshatoa hukumu. Mtu hapigi, anapigwa. Kile kihusishi "na" kinamtaja mtendaji, kama tunavyosema kupigwa na jua au kushikwa na homa. Hakuna anayemlaumu mgonjwa kwa kushikwa na homa. Vivyo hivyo, ukisema mtu amepigwa na bumbuwazi umeshamwondolea mzigo: kitu kimetoka nje kikamwangukia.

Kuzubaa ni kitenzi cha mtu mwenyewe. Hakuna aliyemzubaa, amezubaa yeye. Ndiyo maana neno hili limejaa kwenye makaripio na mahimizo: "Usizubae!" "Ukizubaa utaachwa." "Umezubaa nini hapo?" Hapa pana kipimo rahisi ninachokipenda sana. Jaribu kuliweka neno lako katika amri ya kukataza. "Usizubae" inasimama vizuri. "Usipigwe na bumbuwazi" haikai mdomoni, kwa sababu huwezi kumkataza mtu jambo lisilo mikononi mwake. Jaribu pia swali la "kwa nini". "Kwa nini ulizubaa?" ni mashtaka, na anayeulizwa ataanza kujitetea. "Kwa nini ulipigwa na bumbuwazi?" ni kuuliza tu aliona nini au alisikia nini.

Tofauti ya pili ni ya chanzo. Kuzubaa hakuhitaji tukio. Mtu anaweza kuzubaa kwenye foleni, kazini, njiani, mawazo yamekwenda zake wala hakuna lililotokea. Bumbuwazi halina maisha bila tukio: habari imefika, mlango umefunguka, mtu aliyedhaniwa amekufa ameingia. Ukiandika "alikaa dirishani amepigwa na bumbuwazi" bila kusema lililomsibu, msomaji atakudai sababu. Ukiandika "alikaa dirishani amezubaa", atakubali na kuendelea kusoma.

Watangazaji wa mpira wanalijua hili kwa masikio. "Mabeki wamezubaa, mpira wavuni!" Mabeki walikuwa na kazi, hawakuifanya. Hakuna mtangazaji atakayesema mabeki wamepigwa na bumbuwazi kwa krosi ya kawaida, maana angekuwa anawatetea. Lakini mpira ukipigwa kutoka katikati ya uwanja ukampita kipa juu ya kichwa, utasikia: "Kipa amebaki ameduwaa." Hapo lawama imepungua, na neno limebadilika pamoja nayo.

Kuduwaa kuko wapi basi?

Katikati. Kuduwaa hakulaumu wala hakusamehe. Ni neno la anayetazama kwa nje: anamwona mtu amesimama, macho hayapepesi, pengine kinywa ki wazi, mkono uliokuwa unakwenda kushika kitu umeishia njiani. Kama simulizi yako haitaki kuingia kichwani mwa mhusika, bali inataka tumwone tu alivyo, kuduwaa ndilo neno lako. Bumbuwazi linaingia ndani zaidi. Linasema jambo fulani kuhusu akili, kwamba imekwama na haioni njia.

Kwa sababu hiyo kuduwaa kunaweza kubeba uzuri. Mtu anaweza kuduwaa kwa sauti ya mwimbaji, kwa maandishi, kwa mtoto wa miaka minne anayesoma gazeti. "Alituduwaza" ni sifa. Bumbuwazi kwa uzuri linawezekana, lakini neno lenyewe lina uzito wa mkanganyiko ndani yake, na msomaji atasubiri upande mbaya utokee.

Ndugu yake wa karibu ni kutunduwaa. Watu wengi huyachanganya na si kosa kubwa, ila mimi hukiweka kutunduwaa pale ambapo kusimama kwenyewe ndiyo habari. "Wote wamekimbia, yeye ametunduwaa katikati ya njia." Ukisema "ameduwaa" inatosha, ukisema "ametunduwaa" namwona kama mti.

Kuna jambo la nyakati ambalo wanaojifunza lugha huteleza hapo, na hata sisi wenyewe tukiandika haraka. Kuduwaa, kutunduwaa na kuzubaa ni vitenzi vya hali: ukishaingia, umo. Kwa hiyo hali ya sasa husemwa kwa -me-: "ameduwaa", "amezubaa". "Anaduwaa" si kosa, lakini inaleta picha ya mtu anayeingia katika hali hiyo mbele ya macho yetu, au mwenye mazoea hayo. Katika masimulizi, umbo linalotua vizuri ni "akabaki ameduwaa". Kushangaa ni tofauti, kunakubali pande zote mbili bila shida: "anashangaa", "ameshangaa".

Bumbuwazi au butwaa?

Hapa nitasema wazi: kwa maana, tofauti ni ndogo sana, na anayekuambia kuna ukuta kati yake anakusumbua bure. Yote mawili huchukua kupigwa na kushikwa, na yote mawili humwacha mtu bila kosa. Uchaguzi ni wa sikio na wa mahali.

Butwaa ni fupi na lina mkato. Linafaa kwenye vichwa vya habari, ndiyo maana huko limechakaa: kila siku kuna wakazi waliopigwa na butwaa, hata kwa mambo ambayo yaliwafanya wakunje uso tu. Neno likitumika hivyo kwa muda mrefu linaisha makali. Bumbuwazi lina silabi nne na linatamkwa polepole, bu-mbu-wa-zi, kana kwamba ulimi nao umekwama kidogo. Kwenye hadithi, pale saa inaposimama kwa mhusika, mimi huchagua hilo. Kwenye habari yenye aya fupi na tukio la ghafla, butwaa linatosha, ila litumike kwa jambo lenye uzito wake.

Kilicho muhimu zaidi kuliko kuchagua kati ya nomino hizi mbili ni kitenzi kinachozitangulia. Kupigwa ni ghafla: pigo moja. "Aliposoma barua akapigwa na bumbuwazi." Kushikwa kuna muda ndani yake, kama mtu anayeshikwa na usingizi au baridi: kitu kimemkamata na hakijamwachia. "Alishikwa na bumbuwazi, hata wageni walipoaga hakujua." Nikihariri huwa naangalia hapo kwanza. Mwandishi akiniambia mhusika "alipigwa na butwaa kwa saa nzima", namshauri abadilishe kitenzi, nomino iko sawa. Wapo pia wanaosema "kupigwa bumbuwazi" bila "na". Linasikika mitaani na linaeleweka. Kwa maandishi rasmi "na" ina faida kwa sababu inamtaja aliyepiga.

Tahajia: utakutana na bumbuwazi na bumbuazi. Chagua moja uishike mpaka mwisho wa andiko lako. Kuduwaa nako kuandikwe na "w", la sivyo jicho la msomaji linakimbilia dua.

Kupumbaa, neno la kushikwa kwa uangalifu

Kwa maana ya kamusi, kupumbaa kunakaribiana na kuzubaa. Kwa masikio ya watu, hayakaribiani hata kidogo, kwa sababu "pumbavu" inasikika ndani yake. Ukimwambia mwenzako "umezubaa" atakurupuka aendelee na kazi. Ukimwambia "umepumbaa" kuna hatari akanuna. Kwa hiyo simshauri mtu alitumie kwa aliyeshtushwa na habari.

Neno hili lina nguvu yake katika umbo la kusababisha: kupumbaza. Hapo hakuna lingine linaloweza kuchukua nafasi yake. Kupumbaza ni kumlegeza mtu akili makusudi ili asione kinachofanyika: ahadi zinapumbaza, sifa za uongo zinapumbaza, na mtu anaweza hata kujipumbaza. Linganisha na kuduwaza na kushangaza. Yote matatu yametengenezwa kwa njia moja, -aa ikageuka -aza, kama jaa na jaza, kataa na kataza. Lakini anayekushangaza amekuletea jambo usilolitarajia, anayekuduwaza amekuacha bila neno, na anayekupumbaza ana lake analolitaka kwako.

Pale ambapo akili bado inafanya kazi

Kushangaa na kustaajabu mara nyingi huwekwa katika orodha moja na bumbuwazi, nami naona ni kuyaonea. Anayeshangaa anauliza. "Nashangaa, imekuwaje?" Akili yake inatembea, inatafuta sababu. Aliyepigwa na bumbuwazi hana swali la kuuliza. Maswali yote yamemganda kooni. Kwa hiyo usimpe mhusika aliyepigwa na bumbuwazi sentensi tatu za kuhoji mara moja. Mpe ukimya kwanza.

Kati ya kushangaa na kustaajabu, wengi hubadilishana bila shida, na hata methali inasemwa kwa njia zote mbili: ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, ukishangaa ya Musa utayaona ya Firauni. Lakini kustaajabu kumebeba ajabu kwa asili yake ya Kiarabu, mzizi ni ule ule uliotupa "ajabu" na "maajabu", na kwa hiyo kuna kiasi cha heshima mbele ya kinachotazamwa. Mtu anastaajabia jengo, anastaajabia ujuzi wa daktari. Kushangaa ni kwa kila siku, hakuchagui. Na mitaani kushangaa kumepata maana ya pili iliyosogea hadi kwenye uwanja wa kuzubaa: "Unashangaa nini? Twende!" Anayesema hivyo haulizi kilichokushangaza. Anakuambia umesimama ovyo. Likirudiwa ndiyo lawama inakolea kabisa: kushangaashangaa, kuzubaazubaa. Bumbuwazi halirudiwi hivyo, na hiyo ni dalili nyingine kwamba halimo katika kundi la makosa.

Tukio moja, maneno saba

Chukua tukio moja uliweke kwenye maneno mbalimbali, utaona kila moja linavyomgeuza mtu yule yule. Mtu anarudi kutoka safari. Anashuka kwenye gari, na pale palipokuwa na nyumba yake pana majivu.

"Alipigwa na bumbuwazi." Namwamini. Pigo limetoka nje, akili imesimama, hana kosa.

"Aliduwaa." Namwona kwa mbali, mzigo bado uko mkononi. Sijui anawaza nini, na pengine mwandishi hataki nijue.

"Alishangaa." Haitoshi. Mtu hushangaa akikuta taa imeachwa inawaka. Kwa nyumba iliyoteketea, neno hili linampunguzia huzuni yake.

"Alistaajabu." Hapa amekuwa mgeni anayetazama jambo la watu wengine.

"Alizubaa." Nasikia jirani anamlaumu kwamba hakwenda haraka kusaidia kuzima. Ni tusi dogo kwa mtu aliyefiwa na mali.

"Alichanganyikiwa." Sasa anatembea. Anazunguka majivu, anaita majina, anapiga simu isiyopokewa, anarudi tena pale pale.

"Alitahayari." Kana kwamba yeye ndiye aliyeuwasha moto, na watu wamemjua.

Maneno hayo mawili ya mwisho yanastahili kusimamiwa kidogo.

Waliosimama na wanaokwenda huku na huko

Wanasaikolojia husema kiumbe anayekutana na tishio la ghafla anaweza kupambana, kukimbia au kuganda. Kiswahili kina neno kwa aliyeganda na kina mengine kwa aliyetawanyika, na kosa ninalokutana nalo zaidi ni kuyachanganya makundi haya mawili.

Bumbuwazi, butwaa, kuduwaa, kutunduwaa: hawa wamesimama. Kuchanganyikiwa, kubabaika, taharuki: hawa wanakwenda. Taharuki inaonyesha vizuri kuliko yote, kwa sababu mzizi wake wa Kiarabu ni wa mwendo, ule ule wa "harakati". Watu wakikimbia sokoni wakiacha viatu, hiyo ni taharuki. Watu wakisimama kimya wakitazama paa linavyong'oka, hilo ni bumbuwazi. Mara nyingi moja hutangulia jingine, na simulizi nzuri huyaonyesha kwa mpangilio huo: kwanza kimya, halafu mbio. (Katika uhakiki wa fasihi taharuki ina kazi nyingine, ile hamu inayomfanya msomaji afunue ukurasa unaofuata. Ukiandika uchambuzi, usiyagonganishe.)

Kuchanganyikiwa kuna tahadhari yake. Katika mazungumzo ya kila siku "amechanganyikiwa" inaweza kueleweka kuwa mtu amerukwa na akili. Kama unachotaka kusema ni kwamba maelezo hayakueleweka, kuna kukanganya: "Maelekezo yamenikanganya." Hilo halimgusi mtu, linagusa maelekezo. Kubabaika ni kwa ulimi na mikono: mtu anaulizwa swali rahisi, anajibu nusu, anajisahihisha, anaangusha kalamu.

Kutahayari ndiko kunakonivutia. Kwa Kiarabu mzizi wake ni wa kutojua pa kushika, kuwa katika mkanganyiko. Yaani uko jirani kabisa na bumbuwazi. Kilipoingia Kiswahilini kimeegemea aibu, na sauti ya neno "haya" iliyomo ndani yake bila shaka inasaidia kukiweka huko. Leo ukisema mtu ametahayari, wasikilizaji wanaona uso ulioinama. Kitumie pale mtu anapokosa la kusema kwa sababu amefumaniwa na uongo wake, si kwa sababu ameona ajabu. Kutekewa kulikuwa na nafasi hiyo ya kukosa la kusema bila aibu, "alitekewa asijue la kujibu", kana kwamba maneno yametekwa. Silisikii sana siku hizi, na ningependa lirudi, kwa sababu linasema kwa neno moja jambo ambalo sasa tunalizungukia kwa "alikosa cha kusema".

Kufadhaika nakuacha nje ya mzani huu. Ni moyo kukosa utulivu, na kunaweza kudumu kwa miezi. Bumbuwazi la miezi halipo.

Jinsi mtu anavyotoka

Njia ya kutoka nayo hukusaidia kuchagua neno la kuingilia. Aliyeshikwa na bumbuwazi huzinduka, kama mtu anayetoka usingizini au kurudiwa na fahamu: "Alizinduka aliposikia mtoto analia." Kitenzi hicho kina upole, kinakubali kwamba alikuwa mbali. Aliyezubaa hutoka kwa kugutuka au kugutushwa, mara nyingi kwa sauti ya mtu mwingine: honi, bega kuguswa, jina kuitwa kwa ukali. Aliyeshangaa hahitaji kutolewa. Akipata jibu anaendelea na safari yake.

Kwa hiyo kama sentensi yako inayofuata tayari ina "akazinduka", usimtangulize kwa "alizubaa". Na yule fundi wa mashine, tulipomuuliza kilichomtoa pale aliposimama, alisema hakumbuki kuitwa na mtu. Alisema aliona mikono yake mwenyewe imeshafika kwenye swichi.